Jumatatu ya pili ya Oktoba: Columbus Day kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki

Ikikaribia wiki ya pili ya Oktoba, makundi yetu ya WhatsApp huanza kuulizana: jamani, Jumatatu benki wanafungua? Watoto wanaenda shule? Aliyeko Boston anasema kila ofisi imefungwa, aliyeko Seattle anasema yeye anaingia kazini kama kawaida, na aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anauliza kwani ni sikukuu gani. Wote wana haki. Columbus Day ni sikukuu ya serikali kuu ya Marekani, lakini kila jimbo, kila mji, kila shule na kila mwajiri anajiamulia la kufanya, na hata jina la siku hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo.

Haina tarehe moja. Kwa kuwa ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Mwaka 2026 ni tarehe 12, na mwaka 2027 ni tarehe 11. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14, siku ile ile Watanzania wanapomkumbuka Mwalimu Nyerere, na mwaka 2030 itakuwa hivyo tena.

Wengi wetu tunaichukulia kama siku ya kulala au ya kuchukua shifti ya ziada. Si vibaya. Ila siku hii inagusa mfuko wako na makaratasi yako, na inagusa historia ambayo sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu zetu wenyewe za kuijua vizuri, hasa tukiwa na watoto wanaosoma huku.

Nini kimefungwa, nini kiko wazi

Ofisi zote za serikali kuu hufungwa: posta, Social Security, USCIS (idara ya uhamiaji na uraia) pamoja na vituo vyake vya alama za vidole, na mahakama za uhamiaji. Benki nyingi hufunga matawi. Soko la hisa la New York hufanya kazi, ila soko la hati fungani hupumzika. Maduka, hospitali, maghala na viwanda viko wazi, na UPS na FedEx husambaza mizigo. Shule ndizo za kuangalia kwa makini. Katika jiji la New York shule za umma hufungwa, lakini katika wilaya nyingine watoto husoma kama kawaida, na wilaya mbili jirani zinaweza kutofautiana. Soma kalenda ya shule ya mtoto wako, usitegemee ya jirani.

Pesa za nyumbani

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Fedha zinazotoka akaunti ya benki moja kwenda nyingine kwa njia ya kawaida, ile wanayoiita ACH, hupitia mfumo usiofanya malipo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu ya serikali kuu. Wikendi hii basi ina siku tatu za ukimya. Ukibonyeza kutuma Ijumaa jioni, baada ya saa ambayo benki imeshafunga hesabu, safari ya fedha hizo inaanza Jumanne. Kama kwenye programu ya kutuma fedha ulichagua kulipia kwa akaunti ya benki, mama aliyeko Kisumu au Tabora anaweza kuziona Jumatano au Alhamisi. Na mgonjwa aliyelazwa hawezi kuelezwa habari za Columbus.

Kwa hiyo ada ya shule, fedha za hospitali na mchango wa msiba zitume Alhamisi, au Ijumaa asubuhi kabisa. Ikikulazimu kutuma Jumatatu yenyewe, lipia kwa kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti. Mara nyingi fedha huingia kwenye M-Pesa au Airtel Money ndani ya dakika chache, ingawa makato yanaweza kupanda. Kadi ya mkopo iepuke mpaka umesoma masharti yake, kwa sababu benki nyingi huhesabu utumaji wa fedha kama umechukua taslimu, na riba huanza siku hiyo hiyo.

Bili nazo ni vivyo hivyo. Kama siku ya kulipa ni Jumatatu hiyo, lipa Alhamisi. Na kama mshahara wako huingia Jumatatu, waajiri wengi huuwahisha Ijumaa, ila wapo wanaousogeza hadi Jumanne. Ulizia mapema ofisi ya mishahara kabla hujaahidi mtu fedha.

Makaratasi

Ikiwa siku ya mwisho ya kujibu USCIS imeangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali kuu, kanuni zao huisogeza hadi siku ya kazi inayofuata. Usiegemee hapo. Barua ya kuomba ushahidi zaidi inataka majibu yawe yamefika mezani kwao. Tarehe uliyoyatuma haikusaidii, na Jumatatu hiyo posta haisambazi barua za kawaida. Tuma wiki moja kabla, kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na stakabadhi uitunze.

Ukiona tarehe yako ya mahakama ya uhamiaji au ya kuripoti imeandikwa Jumatatu hiyo, usikae nyumbani kwa kudhani tu. Ingiza A-number yako (namba yako ya uhamiaji) kwenye mfumo wa taarifa za kesi, kwa tovuti au kwa simu ya kiotomatiki, piga picha ya unachokiona, kisha mpigie wakili wako. Mtu asiyefika mahakamani anaweza kuamriwa kuondoka nchini bila yeye kusikilizwa. Hili si la kubahatisha.

Walioomba kuongezewa muda wa kuwasilisha ritani ya kodi wakumbuke kwamba muda huo huisha tarehe 15 Oktoba, yaani siku chache tu baada ya sikukuu hii, na mwaka mwingine kesho yake kabisa. Bahasha iwe imeondoka kabla ya wikendi.

Kisha kuna balozi. Balozi za Marekani kule nyumbani hufunga sikukuu za Marekani pamoja na za nchi zilipo. Mzazi wako mwenye miadi ya viza Dar es Salaam ahesabu Columbus Day na Nyerere Day. Wa Nairobi ahesabu tarehe 10 Oktoba, Siku ya Mazingira, na tarehe 20, Siku ya Mashujaa. Wa Kampala aanzie tarehe 9, siku ya uhuru wa Uganda. Balozi zetu zilizoko huku nazo hufunga sikukuu za nyumbani, na mara nyingi hufuata pia kalenda ya Marekani. Anayesafiri mbali kwenda kuchukua pasipoti mwezi wa Oktoba apige simu kwanza.

Kazini

Sheria ya kazi ya serikali kuu haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa siku hii, wala kukulipa zaidi ukiifanyia kazi. Kinacholazimishwa kwa wafanyakazi wengi wa kulipwa kwa saa ni mara moja na nusu kwa saa zinazozidi 40 katika wiki. Malipo ya sikukuu ni makubaliano ya kazi yako, na nyumba nyingi za kutunzia wazee haziihesabu Columbus Day. Soma kitabu cha wafanyakazi kabla hujakubali shifti kwa matumaini ya mara mbili.

Columbus alikuwa nani, na kwa nini ana siku

Alizaliwa Genoa, mji wa bandari ulioko Italia ya leo, mwaka 1451 hivi. Alisafiri kwa idhini na fedha za watawala wa Hispania, Isabella na Ferdinand, akiamini kwamba ukielekea magharibi utafika Asia. Aliondoka Palos tarehe 3 Agosti 1492 na vyombo vitatu: Niña, Pinta na Santa María. Tarehe 12 Oktoba alitia nanga kwenye kisiwa cha Bahamas ambacho wenyeji wake, watu wa jamii ya Wataíno, walikiita Guanahani. Alifunga safari nne, ya mwisho ikimalizika mwaka 1504. Katika zote hizo hakukanyaga hata jimbo moja kati ya majimbo 50 ya leo. Alifika Puerto Rico, ambayo leo ni milki ya Marekani lakini si jimbo, mwaka 1493.

Kwa nini basi Wamarekani wakampa siku? Jibu lina uhusiano mkubwa na wahamiaji, na ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mmoja wetu aielewe kabla ya kumbeza jirani yake Mwitaliano. Mwishoni mwa karne ya 19 Waitaliano, hasa wa kutoka Sicily na kusini, walidharauliwa mno hapa. Walikuwa Wakatoliki, walikuwa maskini, na waliitwa wahalifu. Tarehe 14 Machi 1891, New Orleans, kundi la watu lilivamia jela na kuwaua Waitaliano 11, baada ya kesi ya mauaji ya mkuu wa polisi ambamo baadhi yao hawakupatikana na hatia. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison alitangaza maadhimisho ya miaka 400 ya safari ya Columbus, na Waitaliano wa New York wakachanga fedha za sanamu ambayo mpaka leo imesimama pale Columbus Circle. Colorado ilikuwa jimbo la kwanza kuifanya siku hii sikukuu kwa sheria, mwaka 1907. Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt aliitangaza kitaifa kwa ombi la bunge, na sheria ya mwaka 1968, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ikaipeleka Jumatatu ya pili.

Walikuwa wahamiaji waliotaka kuonyesha kwamba nao wana sehemu katika nchi hii. Mtu aliyewahi kuambiwa arudi alikotoka anaelewa hitaji hilo bila kufafanuliwa. Ndiyo maana gwaride la siku hiyo pale Fifth Avenue, New York, lina machozi na bendera, na ukialikwa kula na familia ya Kiitaliano siku hiyo, nenda.

Lakini mtu waliyemchagua ana historia nzito. Kwenye kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanywa kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, Columbus aliwatoza Wataíno kodi ya dhahabu. Kila mwenye umri wa kuanzia miaka 14 katika maeneo yenye dhahabu alitakiwa kila baada ya miezi mitatu alete vumbi la dhahabu la kujaza kengele ndogo, ile inayofungwa mguuni mwa mwewe wa kuwindia. Aliyeleta alipewa kipande cha shaba akivae shingoni, kiwe ushahidi kwamba amelipa. Asiye na kipande aliadhibiwa. Na dhahabu katika mito ile ilikuwa haba, hivi kwamba watu waliacha mashamba yao ya mihogo kuitafuta, njaa ikaingia. Mwaka 1495 Wataíno wapatao 500 walipakiwa melini kwenda kuuzwa Hispania, na kama 200 wakafia baharini. Padri Bartolomé de las Casas, aliyeishi kisiwani humo, aliandika kwa kirefu juu ya ukatili ulioendelea chini ya Wahispania. Malalamiko dhidi ya utawala wa Columbus yalizidi mpaka watawala wenyewe wakamtuma Francisco de Bobadilla, ambaye mwaka 1500 alimrudisha Hispania akiwa amefungwa minyororo.

Maradhi mageni, njaa na kazi za shuruti viliwamaliza Wataíno wengi ndani ya miongo michache, ingawa wazao wao wapo mpaka leo katika visiwa vya Karibiani. Na waliopelekwa kufanya kazi mahali pao, tangu mwanzoni mwa karne ya 16, walikuwa Waafrika. Hapo ndipo historia hii inakuwa yetu pia.

Jina jipya, na linavyotofautiana unakoishi

Wazo la kuigeuza siku hii iwe ya wenyeji wa asili lilitolewa mwaka 1977 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva. South Dakota ilianza kuadhimisha Native Americans' Day mwaka 1990, na mji wa Berkeley, California, ukaanza Indigenous Peoples' Day mwaka 1992. Minneapolis na Seattle zilifuata mwaka 2014. Mwaka 2021 Joe Biden alikuwa rais wa kwanza kutoa tangazo rasmi la Indigenous Peoples' Day, sambamba na lile la Columbus Day. Mwaka 2025 Rais Trump alitoa la Columbus Day peke yake. Kwa sheria ya serikali kuu jina bado ni Columbus Day, na hilo ndilo utakaloliona kwenye kalenda ya posta.

Walioko Maine, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wamejaa Portland na Lewiston, jimbo lao lilibadilisha jina mwaka 2019, na wenyeji wa hapo ni mataifa ya Wabanaki, wakiwamo Wapenobscot na Wapassamaquoddy. Vermont na New Mexico zilibadilisha mwaka huo huo. Minnesota ni nchi ya Waojibwe na Wadakota, na sanamu ya Columbus iliyokuwa nje ya bunge la jimbo mjini Saint Paul iliangushwa Juni 2020. Colorado, iliyokuwa ya kwanza kuisherehekea, iliifuta mwaka 2020 na kuweka siku ya Frances Cabrini, mtawa Mwitaliano aliyehudumia wahamiaji. Naona huo ni uamuzi wa busara sana, maana Waitaliano hawakunyang'anywa heshima yao.

Na Columbus, Ohio, mji wenye jina lake, ambako maelfu ya ndugu zetu Wasomali wanaishi, wengi wakiwa wamepitia Kenya? Tangu mwaka 2018 ofisi za mji hazifungwi siku hii, bali hufungwa siku ya maveterani mwezi Novemba. Sanamu iliyokuwa mbele ya jengo la mji, zawadi kutoka Genoa, iliondolewa Julai 2020. Wafanyakazi wa posta wa mji huo huo, kwa kuwa ni wa serikali kuu, wanapumzika.

Ukivuka kwenda Canada, Jumatatu hiyo hiyo ni Thanksgiving yao, na karibu kila kitu kinafungwa. Usipange kwenda ununuzi Toronto.

Kuhusu salamu: mtakie mtu wikendi njema, inatosha. Hii si siku ambayo Wamarekani hupongezana kwa jina lake kama Krismasi.

Mtoto akirudi na karatasi ya Columbus

Shule nyingine bado huwapa watoto wadogo kazi ya kuchora vyombo vile vitatu. Usimgombeze mtoto wala usimwandikie mwalimu barua kali. Mwache achore, kisha kaa naye mezani umuulize: kisiwani alikofika kulikuwa na nani? Waliitwaje? Walimpa nini alipofika? Mtoto wa miaka 8 anaweza kuongeza chini ya mchoro wake sentensi mbili juu ya Wataíno, na walimu wengi hupokea hilo vizuri.

Halafu mwambie habari za kwao. Mwaka 1498, mwaka ule ule Columbus alipoanza safari yake ya tatu, Mreno Vasco da Gama alifika Mombasa, ambako hawakuelewana na wenyeji, kisha Malindi, ambako mfalme alimpokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India. Columbus aliitafuta India asiifikie. Mreno aliifikia kwa kuongozwa kutoka pwani yetu. Mwaka 1505 Wareno walirudi na jeshi chini ya Francisco de Almeida, wakaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Mtoto akiona picha ya nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, na akajua pia habari za Kilwa, ataisoma sura ya Columbus kwa macho mengine. Vivyo hivyo na Kilimanjaro: tumesomeshwa kwamba mmisionari Rebmann aliuona mlima mwaka 1848, na Wachaga walikuwa wakilima migomba kwenye miteremko yake muda wote huo.

Kwa anayejiandaa na mtihani wa uraia, kuna swali la kutaja sikukuu za kitaifa, na Columbus Day imo katika majibu yanayokubalika. Lipo pia la nani waliishi Amerika kabla ya Wazungu kufika. Jibu ni Wahindi Wekundu kwa jina tulilofundishwa zamani, lakini mbele ya afisa sema American Indians au Native Americans. Lipo na la kutaja taifa moja la wenyeji hao. Usikariri Wacherokee tu kwa kuwa kila mtu anawataja. Tafuta kama taifa ambalo unaishi katika ardhi yake limo kwenye orodha ya majibu, ulitaje hilo.

Ukitaka kwenda

Miji mingi na vyuo vikuu huandaa shughuli za wazi wikendi hiyo, na nyingine ni powwow kamili, yaani mkusanyiko wa ngoma, nyimbo na masoko. Mataifa yanayotambuliwa na serikali kuu yanazidi 570, kwa hiyo utakachokiona Minneapolis si kile cha Albuquerque. Kwetu kumuuliza mtu kabila lake ni jambo la kawaida, ila hapa subiri mzungumze kidogo kwanza, kisha muulize ni wa taifa gani. Wengi hufurahi kulitaja.

Msafara wa kuingia uwanjani ukianza, simama na uvue kofia mpaka utakapoambiwa ukae. Nguo zao usiziite za maigizo, na manyoya usiyaguse hata kama yameanguka chini. Mwite msimamizi. Kabla ya kupiga picha mwombe mhusika, na mtangazaji akisema wimbo huu haupigwi picha, weka simu mfukoni. Viti vilivyo karibu na uwanja vikiwa vimetandikwa blanketi vina wenyewe, hivyo beba kiti chako. Kuna mkate wa kukaanga utakaokukumbusha mandazi, ambao wenyeji walianza kuupika kwa unga na mafuta ya mgao wa serikali baada ya kuondolewa katika ardhi zao. Nunua, na beba noti ndogo ndogo, kwani si kila muuzaji hupokea kadi. Mtangazaji akitangaza ngoma ya wote, hapo hata mgeni anakaribishwa: ingia na watoto, mfuate aliye mbele yako, na usimpite.